Likizo Isiishe Bila Siku ya Wawili

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii ilitungwa kwa ajili ya wageni, lakini katika nyumba nyingi za askari humwangukia mwenye nyumba mwenyewe. Bwana anarudi kwa likizo baada ya miezi mingi kambini au ng'ambo. Siku ya kwanza nyumba inajaa jamaa na vigelegele. Siku ya pili wanabisha hodi wadai na wenye shida. Siku ya tatu anakabidhiwa jembe lake: paa linavuja, karo haijalipwa, na kuna shauri la shamba linalomngoja kijijini. Siku zinakatika, likizo inakwisha, na bwana na bibi wanaagana kituoni bila kupata hata saa moja ya kukaa wawili.

Wala si nyumba za wanajeshi wa kiume peke yake. Siku hizi bibi naye huvaa sare. Yuko polisi wa zamu ya usiku anayerejea nyumbani wakati mumewe anatoka kwenda kazini. Watu hawa wawili hulala kitanda kimoja kwa nyakati mbalimbali na kusalimiana mlangoni.

Ndugu msomaji, wiki hii ukurasa wetu wa nyumbani unakushauri utenge siku moja tu, uitie katika kalenda kama unavyotia siku ya gwaride, na uwe na mwenzako peke yenu. Mnaweza kwenda kuangalia makumbusho, kisha mkala chakula kizuri kwa utulivu. Gharama yake si kubwa, na faida yake huenda ikawa kubwa kuliko mnavyodhani.

KWA NINI MAKUMBUSHO?

Wengi watauliza: kwa nini tusiende baa, au kuangalia mpira? Jibu letu ni kwamba watu waliotengana muda mrefu mara nyingi hawana la kusema. Wakiketi meza moja wakitazamana, kimya huwaelemea. Lakini wakisimama bega kwa bega mbele ya kitu cha kutazama, ulimi hulegea wenyewe.

Tunamfahamu koplo mmoja aliyerudi kutoka Somalia, ambako majeshi ya Uganda yalianza kwenda mwezi wa Machi 2007. Alikuwa hayupo nyumbani kwa mwaka mzima. Katika mwaka huo mkewe aliongoza nyumba peke yake: alihamisha mtoto shule, akauza mbuzi, akajenga jiko jipya. Bwana alipofika alianza kuuliza kwa nini hili, nani aliruhusu lile. Bibi akanyamaza. Bwana naye akawa anakaa barazani na redio yake hadi usiku. Hawakugombana, lakini kila mmoja alianza kuhesabu siku zilizosalia.

Shangazi yake bibi ndiye aliyewachukua watoto Jumamosi moja na kuwaambia wazazi watoke. Wakaenda Jumba la Makumbusho la Uganda, kwa sababu tu bwana alilikumbuka tangu alipokuwa mwanafunzi.

MAMBO YA KUTAZAMA

Jumba hili liko Kampala, katika kilima cha Kitante, kando ya barabara ya Kira, si mbali na Kamwokya. Anayetoka katikati ya mji apande taksi za kuelekea Kamwokya na amwombe kondakta amshushe penye makumbusho. Makumbusho yenyewe yalianzishwa mwaka 1908, nayo ni ya zamani sana katika Afrika Mashariki. Jengo la sasa, lililochorwa na mjenzi Mjerumani Ernst May, limetumika tangu mwaka 1954.

Msikimbie vyumba vyote kama wakaguzi. Chagueni vichache, mkae navyo.

Kwanza, vyombo vya muziki. Ziko ngoma za kila namna, marimba ya amadinda, mazeze ya endingidi, vinubi vya adungu vya kaskazini na pembe ndefu za agwara kutoka West Nile. Zamani palikuwa na wanamuziki walioajiriwa kuvipiga mbele ya wageni. Mmoja wao alikuwa Evaristo Muyinda, aliyesifika kwa ufundi wake wa muziki wa Buganda. Hapo ndipo mke wa koplo wetu aliposimama mbele ya adungu na kusema, "Baba watoto, babu yangu alikuwa akipiga hii jioni, nasi tunalala chini ya mkeka tukimsikiliza." Walikuwa wameoana miaka tisa, na bwana hakuwahi kulisikia jambo hilo.

Pili, habari za kale. Katika eneo la Bigo, magharibi ya nchi, wazee wetu walichimba mahandaki ambayo urefu wake ukijumlishwa unazidi kilomita 10, karne nyingi kabla ya ukoloni. Askari yeyote aliyewahi kushika sepetu ataelewa maana ya kazi hiyo. Koplo alimweleza mkewe jinsi handaki linavyochimbwa, udongo unavyotupwa upande gani na kwa nini. Bibi alimsikiliza. Tena aliuliza maswali, na kwa mara ya kwanza tangu arudi, bwana aliizungumzia kazi yake bila kukunja uso.

Tatu, vitu vya nyumbani: vibuyu na vyombo vya maziwa vya wafugaji, vikapu, vyungu, na nguo za magome ya mti wa mutuba. Gome hubanduliwa, likapondwa kwa nyundo za mbao mpaka likawa laini kama kitambaa. Mwaka 2005 UNESCO iliutambua ufundi huu kuwa miongoni mwa urithi wa wanadamu wote.

Pia kumbukeni kuuliza habari za vitu 39 vilivyorejeshwa mwezi wa Juni 2024 kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kwa utaratibu wa mkopo. Vilikuwa vimekaa ugenini tangu enzi za ukoloni. Mtu aliyekaa mbali na kwao hahitaji kuelezwa maana ya kurudi.

Waishio mbali na Kampala wasikate tamaa. Soroti, Kabale na Moroto nako kuna makumbusho. Walio Kumi wana michoro ya kale ya Nyero juu ya miamba. Penye kitu cha kutazamwa kwa utulivu, panafaa.

CHAKULA

Baada ya kutembea, njaa huwa tamu. Haifai kula mmesimama. Tafuteni hoteli ndogo iliyo safi, yenye kivuli na isiyo na redio kubwa, na muulize kama wana luwombo. Chakula hiki cha Buganda husimuliwa kwamba kilibuniwa mwaka 1887 na mpishi wa Kabaka Mwanga. Ni nyama, kuku au mchuzi wa karanga uliofungwa ndani ya jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Kwa desturi kila mlaji huletewa furushi lake. Linapofunguliwa mezani, mvuke na harufu hutoka pamoja, na mtu husahau aliloudhika nalo asubuhi.

Ambaye mfuko wake haumruhusu kula hotelini aandae nyumbani. Chukua majani machanga ya mgomba, uyapitishe juu ya moto mpaka yalegee yasipasuke. Kuku mkate vipande na kumchoma kidogo juu ya makaa. Changanya karanga zilizosagwa na maji ya uvuguvugu, kitunguu, nyanya na chumvi. Weka vipande ndani ya jani, mimina mchuzi, kusanya ncha zote juu na ufunge kwa ukamba wa mgomba. Tandika vipande vya shina la mgomba chini ya sufuria ili maji yasiguse mafurushi, funika vizuri, uache mvuke ufanye kazi kwa saa mbili au zaidi. Kuleni kwa matoke.

Neno moja kwa mabwana: siku hiyo usimwache bibi jikoni peke yake halafu ukaiita siku ya mapumziko. Afungaye kombati na kusafisha silaha hawezi kushindwa kufunga jani la mgomba.

MATAYARISHO

Uliza mapema saa za kufunguliwa na kiingilio cha makumbusho, ili msije mkasimama getini mkihesabu sarafu. Weka kando nauli, kiingilio na fedha ya chakula katika bahasha moja, na bahasha hiyo isiguswe hata akija mjomba. Watoto wapelekwe kwa shangazi au jirani mwaminifu, nanyi mkamrudishie wema huo wiki nyingine. Simu zifungwe, isipokuwa kwa aliye katika zamu ya kuitwa. Vaeni nguo za kiraia, safi na viatu vya kutembelea.

Tena kuna miiko miwili. Siku hiyo msizungumze madeni, wala msihukumu yaliyoamuliwa wakati mmoja wenu hayupo. Mambo hayo yana siku yake. Bibi aliyeshika nyumba mwaka mzima astahili kwanza kushukuriwa, ndipo aulizwe. Na askari aliyerudi asilazimishwe kusema aliyoyaona. Akitaka, atasema.

Koplo wetu alisema. Walipokuwa wakila, furushi likiwa limebaki nusu, alilitaja jina la rafiki yake ambaye hakurudi. Hakuwahi kulitaja nyumbani. Bibi aliweka mkono wake juu ya mkono wake, wakakaa hivyo mpaka chakula kikapoa. Njiani kurudi, alimwambia mkewe, "Mama watoto, jiko ulilojenga ni zuri." Paa lilikuwa bado linavuja, na kesho yake alipanda kulitengeneza, bibi akimshikia ngazi.

Basi, ndugu wasomaji, likizo inapokaribia, andikeni siku yenu ya wawili kabla wengine hawajawaandikia siku zote. Jembe halikimbii, litangoja kesho.