Nesi anayesomea PhD: Kwa nini karo pekee haitoshi

Binti wa miaka 16 anaingia kliniki ya wajawazito, sare ya shule ameificha kwenye begi. Mimba ina miezi saba na hii ndiyo mara yake ya kwanza kupimwa. Nesi anampima presha, anamjazia kadi, anamwita anayefuata kwenye foleni. Swali linabaki: kwa nini amechelewa hivi?

Swali kama hilo linaweza kuwa utafiti wa shahada ya uzamivu, yaani PhD. Na si la binti mmoja tu. Takwimu za kitaifa za 2022 zilionyesha kuwa asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini Kenya walikuwa wameshawahi kupata ujauzito. Tanzania ilikuwa asilimia 22.

Sasa ufadhili unamsaidia nesi vipi?

Cha kwanza ni muda. Ukitoka zamu ya usiku huna akili ya kuandika tasnifu. Ufadhili mzuri humpa posho ya kujikimu, ili akipewa likizo ya masomo asilazimike kutafuta vibarua vya zahanati wikendi.

Cha pili ni gharama za nyanjani, ambazo wengi huzisahau. Kuna ada ya kibali cha maadili, kutafsiri na kuchapa madodoso, nauli, na malipo ya wasaidizi. Kwa watoto wa chini ya miaka 18, kwa kawaida mtafiti anahitaji ridhaa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe. Hapo ni kurudi nyumba ileile mara mbili au tatu. Pesa zikiisha njiani, wanaoachwa nje ni wale wa mbali, na mara nyingi ndio wenye shida zaidi.

Cha tatu ni watu. Mfano ni CARTA, mpango ulioanzishwa 2008 na kuongozwa na kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini. Wanafunzi wake wa PhD wamekuwa wakikutana katika semina nne, kila moja ya wiki kadhaa. Wanaanza kwa kunoa swali la utafiti, wanaendelea na mbinu na uchambuzi wa data, na mwisho wanajifunza kuandika maombi ya fedha za utafiti.

Lakini kuna sharti. CARTA hulenga wafanyakazi wa taasisi wanachama, kama Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Moi. Nesi anayefundisha huko ana nafasi. Nesi wa wodini asiye mwajiriwa wa taasisi hizo itabidi atafute njia nyingine.

Kwa hiyo kabla ya kusaini barua ya ufadhili wowote, uliza: mshahara wangu utaendelea? Kazi ya nyanjani imo kwenye bajeti? Muda wa ufadhili ukiisha kabla sijamaliza, itakuwaje?

Majibu hayo ndiyo yataamua kama swali la yule binti litapata jibu, au litabaki pale kwenye foleni ya kliniki.