Mkono wa Uchina Ufukweni mwa Nariokotome

Alfajiri, kabla pepo za ziwani hazijaanza kuvuma kwa nguvu na kuurusha mchanga machoni mwa watu, wavuvi wa Nariokotome huwa wamekwisha kuzivuta mashua zao ufukweni, na wanawake huwa wameketi karibu na maji, kisu mkononi, wakimpasua ngege mgongoni toka kichwani hata mkiani, wakimkunjua bapa, wakimsugua chumvi na kumwanika juani, ili baada ya siku chache apakiwe katika lori la kwenda Lodwar na Kitale. Wengi wa watu hawa ni wana wa wafugaji, waliolijia ziwa baada ya ukame kuwamalizia ng'ombe na mbuzi, na ziwa likawapokea. Maisha yao yote sasa yamo katika maji yale.

Mahali hapa, katika ukingo wa magharibi wa Ziwa Turkana, pana sifa duniani tangu Agosti 1984, pale marehemu Kamoya Kimeu alipokiona kipande kidogo cha fuvu kandokando ya mto mkavu, na katika kufukua ikapatikana sehemu kubwa ya mifupa ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Kwa hiyo Mkenya wa kawaida, alisikiapo jina la Nariokotome, hufikiri habari za watu wa kale; mimi nalitaja kwa ajili ya watu waliopo. Hapa hapana reli iliyojengwa na Wachina, wala bandari, wala kiwanda. Walakini mtu atakaye kuifahamu siasa ya Uchina katika nchi za ng'ambo namshauri aanzie hapa penye maji haya, si Nairobi penye barabara ya juu kwa juu, kwa kuwa Nairobi atauona mkono wa Uchina ukiwa umevaa pete, ilhali hapa atauona ukiwa kazini.

Ziwa hili, ambalo Waturkana huliita Anam, halina mlango wa kutokea maji. Jua hulinywa na mito hulijaza, na katika mito hiyo wa kutegemewa ni mmoja tu, nao ni Omo, ushukao kutoka milima ya Uhabeshi na kuleta zaidi ya asilimia 80 ya maji yote. Kila mwaka, mvua za huko juu zikinyesha, mto ulikuwa ukifurika, ukachukua udongo wenye rutuba hata ziwani, na maji yakapanda juu ya nyasi za kandokando, mahali ambapo samaki hupata chakula na kutaga mayai. Mvuvi wa Nariokotome hajapata kuiona milima hiyo, lakini mafuriko yake aliyajua kama mkulima ajuavyo masika.

Mwaka 2006 serikali ya Ethiopia ilianza kulijenga bwawa la Gibe III katika mto huo, ukuta wa mita 243 kwenda juu, wenye uwezo wa kutoa megawati 1,870 za umeme, na kazi ya ujenzi ikapewa kampuni ya Kiitaliano ya Salini pasipo kushindanishwa na wengine. Kwa sababu ya jinsi mkataba ule ulivyotolewa, na kwa sababu ya maswali mintarafu ya ziwa na watu wa bonde la Omo, Benki ya Dunia haikuutia fedha mradi huo, na Benki ya Maendeleo ya Afrika pamoja na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya zikajitenga nao. Hapo ndipo Uchina ilipoingia. Mwaka 2010 benki yake kubwa ya biashara, Industrial and Commercial Bank of China, ilikubali kukopesha karibu dola milioni 500 kwa ajili ya mitambo, na mitambo yenyewe ikaundwa na kampuni ya Kichina iitwayo Dongfang Electric. Mwanzoni mwa mwaka 2015 bwawa likaanza kujazwa, na Desemba 2016 likafunguliwa rasmi. Aidha, katika bonde hilo hilo, chini ya bwawa, serikali ya Ethiopia ililima mashamba makubwa ya miwa yanyweshwayo kwa maji ya Omo, na katika viwanda vya sukari vya huko pia zimo fedha za mkopo wa Uchina.

Tazama, msomaji, jinsi jambo lilivyopita. Hakuna askari wa Kichina aliyevuka mpaka, wala bendera iliyotwekwa, wala mkataba wa himaya mfano wa ile ambayo Wazungu waliwatilisha saini masultani na machifu wetu. Palikuwa na dola moja yenye haja na dola nyingine yenye mali, zikaandikiana. Na kila aliyekuwa nje ya maandishi hayo, awe mfugaji wa bonde la Omo au mvuvi wa Turkana, alikuwa nje ya mazungumzo pia. Huu ndio usuli wa siasa ya Uchina tangu siku za Zhou Enlai na mkutano wa Bandung wa mwaka 1955: kwamba dola husema na dola, na mambo ya ndani ya nyumba ya mtu hayamhusu jirani. Kwa serikali zilizochoka kuhojiwa na Wazungu maneno hayo yana utamu mkubwa, wala siwalaumu viongozi wa zama za uhuru kwa kuyapenda, maana wao walikuwa wametoka kutawaliwa na hao hao waliokuwa wakiwahoji. Lakini penye nyumba ambayo baba na watoto hawasikilizani, mgeni asemaye na baba peke yake amekwisha kuchukua upande, apende asipende.

Aghalabu sisi huizungumza Uchina kana kwamba ilifika Afrika jana pamoja na simu na pikipiki, na hili ni kosa. Idhaa ya Kiswahili ya Radio Peking ilianza kutangaza mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipojipatia uhuru, wakati Uchina yenyewe ikiwa nchi maskini yenye njaa. Reli ya Uhuru ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ambayo wakopeshaji wa Magharibi walikataa kuigharimia, Wachina waliijenga kuanzia 1970 hadi 1975 kwa mkopo usio na riba. Na malipo yake hayakuchelewa: tarehe 25 Oktoba 1971, pale Umoja wa Mataifa ulipopiga kura ya kuirudishia Peking kiti kilichokuwa kimekaliwa na Taiwan, katika kura 76 za kukubali 26 zilikuwa za nchi za Kiafrika, na balozi kijana wa Tanzania, Salim Ahmed Salim, alionekana akishangilia ukumbini mbele ya macho ya Wamarekani waliokasirika. Uchina haijaisahau siku ile. Tangu mwaka 1991 safari ya kwanza ya waziri wake wa mambo ya nje kila mwaka mpya huwa ni Afrika, na leo katika bara zima nchi iliyobaki na ubalozi wa Taiwan ni moja tu, Eswatini. Subira ya namna hii sisi hatuna, na ingefaa tuwe nayo.

Kilichobadilika ni kipimo cha mali. Uchina ya leo ina viwanda vya chuma na saruji vitoavyo zaidi ya mahitaji yake, ina kampuni za ujenzi zitafutazo kazi, na ina njaa ya mafuta na madini. Kwa hiyo Xi Jinping alipotangaza mwaka 2013 mpango wa Ukanda na Njia, wa kuziunganisha nchi kwa reli, bandari na nyaya, alikuwa akitafuta mahali pa kuyapeleka hayo yote kwa mara moja: mkopo hutoka kwao, mkandarasi hutoka kwao, mitambo hutoka kwao, na deni hubaki kwetu.

Je, Kenya ilikuwa wapi wakati Omo unazibwa? Watu wa ziwani hawakukaa kimya. Ikal Angelei, binti wa Turkana, aliunda chama cha Friends of Lake Turkana, akazunguka vijijini akiwaeleza wazee kile kinachojengwa mtoni, akaziandikia benki, akalifikisha shauri hata bungeni, na mwaka 2011 Bunge la Kenya likaitaka serikali idai uchunguzi wa athari za bwawa. Mwaka uliofuata akatunukiwa tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira. Lakini tangu 2006 Nairobi ilikuwa imekwisha kuafikiana na Addis Ababa juu ya kununua umeme, na tangu mwishoni mwa 2022 umeme wa Ethiopia, megawati 200, unakuja Kenya kwa waya mkuu ambao Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika, zile zile zilizolikwepa bwawa, ziliugharimia. Kwa hiyo asijidanganye mtu kwamba lawama yote ni ya Mchina. Yeye alipita katika mlango ambao sisi tuliufungua, na wale wenye kuuliza maswali mengi waliingia baadaye kwa mlango wa nyuma.

Inanilazimu kusema kweli kwa ukamilifu wake. Bwawa lilipokuwa likijazwa ziwa lilishuka, na mwaka 2018 Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ikaziweka hifadhi za Ziwa Turkana katika orodha ya urithi ulio hatarini. Lakini mvua kubwa za kuanzia 2019 zikalipandisha tena, hata maji yakazifuata nyumba za watu na miti ya mikoma ikasimama ndani ya maji. Wako wasemao kwamba kwa hiyo hofu ilikuwa bure. Siafikiani nao. Mvua ni ya Mungu, huja na kukoma, lakini lango la bwawa lina funguo, na mwenye funguo hizo hayuko Lodwar.

Kusini ya Lodwar, huko Lokichar, iko habari nyingine. Mafuta yaligunduliwa katika kisima cha Ngamia 1 mwaka 2012 na kampuni ya Tullow ya Uingereza, na mwaka 2018 yakaanza kusafirishwa kwa malori ya matangi hadi Mombasa, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, ijapokuwa wananchi waliyazuia malori hayo njiani kwa majuma kadhaa wakidai usalama na haki yao. Agosti 2019 shehena ya kwanza ya mafuta ghafi ya Kenya, mapipa 200,000, iliuzwa kwa dola milioni 12. Mnunuzi alikuwa ChemChina, kampuni ya serikali ya Uchina. Muingereza alichimba, Mchina akanunua.

Na kaskazini ya magharibi, katika njia iendayo Nadapal, iko kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan. Huko utamwona mama wa Sudan Kusini akiwapigia jamaa zake kwa simu ya Tecno iliyoundwa na kampuni ya Shenzhen, akiuliza kama Malakal kumetulia. Nchi aliyoikimbia ina visima ambavyo kampuni ya taifa ya mafuta ya Uchina ni mshirika wake mkuu, na vita vilipozuka Desemba 2013, Uchina, iliyokuwa ikihubiri kutoingilia, iliona mali yake hatarini: Januari 2015 waziri wake wa mambo ya nje, Wang Yi, aliwakutanisha mahasimu Khartoum, na mwaka huo huo Uchina ikapeleka kikosi cha askari 700 wa miguu chini ya Umoja wa Mataifa. Julai 2016 wawili kati yao waliuawa Juba. Kumbe kanuni ya kutoingilia nayo ina mpaka, na mpaka wake ni pale penye mali na watu wa Uchina.

Hapa sisi Wakenya tuna la kujifunza, na silisemi kwa chuki, maana taifa lijualo haja zake na kuzifuata miaka sabini bila kuchoka linastahili heshima. Uchina haitakuja Nariokotome kuuliza ngege wamepungua kiasi gani. Hiyo si kazi yake. Ni kazi ya serikali ya Nairobi na ya kaunti huko Lodwar kuketi na Ethiopia na kuandikiana mkataba wa maji ya Omo, wenye kutaja ni maji kiasi gani yaachwe yashuke na katika miezi gani, na wavuvi wawepo mezani; na ni haki ya kila raia kuisoma mikataba ya mikopo anayoilipa yeye. Lau wabunge wetu wanayasoma haya, nawasihi waanze na ziwa, ambalo mwaka 2011 Bunge lililidaia uchunguzi.