Undertale kwa Simu? Soma Hii Kabla Hujatuma Pesa

Juzi timu yetu ilikuwa Kikoneni, kule Kwale, kwa siku ya wateja. Tulikuwa tumejipanga na mada zetu za kawaida: PIN ni siri yako, soma jina kabla ya kutuma, usiamini mtu anayekupigia akisema umeshinda. Watu walisikiliza kwa heshima, ingawa wengine walianza kusinzia, si unajua vile jua la saa nane huwa. Halafu kijana mmoja akainua mkono na kuuliza swali ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelitarajia: gemu inayoitwa Undertale, ya simu, inalipiwa shilingi ngapi?

Tukamuuliza kwa nini anataka kujua. Ikatoka hadithi nzima. Alikuwa ameshatuma 300, kisha 200, kisha 500, na gemu yenyewe hajaiona mpaka leo. Elfu moja imeenda, na hata si yake. Ilitoka kwenye simu ya mamake. Zilikuwa pesa za nazi.

Jibu la swali lake ni fupi. Undertale haiuzwi kwenye simu. Haijawahi kutolewa rasmi kwa Android wala kwa iPhone. Ipo ya kompyuta, na ipo ya mashine kama PlayStation, Nintendo Switch na Xbox. Anayekuuzia ya simu anakuuzia hewa, au kitu kibaya kuliko hewa, na hapo tutafika.

Lakini maongezi hayakuishia hapo, kwa sababu kumbe pale pale kulikuwa na mwanafunzi wa chuo aliyerudi likizo, na kwenye laptopu yake, ile ya ex-UK, alikuwa na Undertale halisi aliyoinunua mwenyewe. Mkutano ulipoisha tukahamia chini ya mwembe kando ya duka la wakala. Laptopu ikawekwa juu ya kreti ya soda. Tukakaa pale mpaka chaji ikakaribia kuisha.

Kwa asiyeijua: Undertale ilitoka tarehe 15 Septemba 2015. Aliyeitengeneza ni Mmarekani anayeitwa Toby Fox, aliyeandika hadithi na kutunga muziki wote, huku Temmie Chang akimsaidia sana kwenye michoro. Mwaka 2013 alikuwa amechangisha pesa kupitia Kickstarter. Aliomba dola 5,000, watu wakachanga zaidi ya dola 51,000. Harambee yenyewe, tena bila mgeni wa heshima.

Ndani ya gemu wewe ni mtoto uliyeanguka chini ya mlima, kwenye nchi ya mazimwi, na unatafuta njia ya kurudi juu. Kila zimwi unalokutana nalo unaweza kulipiga au kulihurumia. Ukitaka, unaweza kuimaliza gemu nzima bila kuua hata mmoja. Yote yamechorwa kwa vidoti vikubwa kama gemu za miaka ya tisini, na mazimwi wenyewe ni vichekesho vitupu.

Maoni chini ya mwembe yalianza vibaya. Msichana mmoja wa Kidato cha Nne alitazama skrini na kusema hii ni kama vile vigemu vya betri vya zamani, kwa nini mtu alipe? Wakala, ambaye ni mzee wa makamo, yeye alifurahi. Alikumbuka gemu za kaseti za kuchomeka kwenye tivi, mnacheza wawili na kumi wamewasimamia mgongoni.

Kitu kilichogeuza mambo ni ua. Mtu wa kwanza kabisa unayekutana naye kwenye Undertale ni ua la njano linaloitwa Flowey. Linatabasamu. Linakwambia wewe ni mgeni, acha likuelekeze mambo yalivyo huku. Linakurushia vitu vyeupe vidogo na kukwambia hivyo ni vya urafiki, kimbia uvichukue vingi uwezavyo. Ukivigusa, uhai wako unabaki pointi moja, na ua linabadilisha sura na kukucheka.

Kila mtu pale alivichukua. Kila mtu. Hata sisi tuliokuja kufundisha kuhusu utapeli.

Baadaye unakutana na Sans, kiunzi cha mifupa kivivu kinachopenda mizaha. (Jina lake ni la ile fonti ya Comic Sans, na maneno yake yote yameandikwa kwa fonti hiyo hiyo. Umeshaiona kwenye mabango ya shule za chekechea.) Sehemu moja Sans anajaribu kukuuzia theluji ya kukaanga kwa 5G, G ikiwa ndiyo pesa ya huko. Ukikubali, anasema alimaanisha 50. Ukikubali tena, ni 5,000. Kisha 50,000. Mwishowe anakwambia kama huna hizo pesa hakuna shida, kwa sababu hata yeye hana theluji yoyote.

Watu walicheka sana. Yule kijana wetu naye alicheka, halafu akanyamaza. Maana yake yeye alilipa 300 ya gemu, akaambiwa kuna 200 ya kuifungulia, kisha 500 ya usajili ambayo angerudishiwa. Na theluji haikuwepo.

Tungependa ukumbuke mpangilio huo kuliko kitu kingine chochote kwenye makala hii. Bei ya kwanza huwa ndogo kiasi kwamba huoni haja ya kuuliza watu. Ya pili inakuja wakati unaogopa kupoteza ile ya kwanza. Mfanyabiashara halali anakwambia bei yote kabla hujaweka PIN. Ukiombwa malipo ya pili ya kufungulia kitu ulichokwisha kulipia, simama hapo hapo, hata kama kusimama kunamaanisha ile 300 imepotea. Ni afadhali 300 kuliko elfu.

Tuendelee na maoni, kwa sababu yalikuwa matamu.

Kijana mmoja wa bodaboda hakuona maana ya kuhurumia mazimwi. Alilipiga la kwanza, la pili, na hata Toriel, yule mama mwenye pembe anayekupokea na kukupikia pai. Alipomuua, akajisikia vibaya, akafunga gemu bila kuhifadhi, akaanza upya na mara hii akamwacha hai. Safi? Hapana. Mbele kidogo Flowey akatokea na kumwambia anajua alichokifanya mara ya kwanza. Jamaa aliruka kabisa kutoka kwenye kiti. Wakala akasema hii gemu inaweka taarifa za miamala, hata ukifuta ujumbe kwenye simu yako.

Msichana wa Kidato cha Nne, yule yule aliyeanza na dharau, alipenda buibui. Mapema kwenye gemu kuna buibui wanaouza donati kwa 7G, eti wanachangisha pesa za kuwasaidia buibui wenzao. Ni rahisi kuwapita tu. Lakini ukinunua donati moja ukaiweka, mbele sana utakapokutana na Muffet, bosi wao, anayeuza donati kwa 9,999G na kukushambulia usiponunua, ile donati ya 7G ukiila mbele yake anasitisha vita na kukuacha upite.

Halafu kuna Temmie, kiumbe nusu paka nusu mbwa mwenye duka. Hapo unaweza kumlipia karo ya chuo. Karo! Ni 1,000G, anakwenda na kurudi sasa hivi amehitimu, na ndipo anaanza kuuza nguo ya vita iliyo bora sana. Bei ya nguo hiyo hupungua kadiri unavyokuwa umekufa mara nyingi. Kwa watu ambao Januari wanaijua vizuri, mzaha huu haukuhitaji mkalimani.

Mizaha mingine ilihitaji. Gemu ipo kwa Kiingereza na Kijapani tu, na Sans hucheza na maneno ya Kiingereza kuhusu mifupa mpaka mtu anachoka. Nusu ya watu walikuwa wakimtazama mwenye laptopu ili wajue kama ni wakati wa kucheka. Hiyo ni kasoro kweli, na ukinunua ujue hivyo. Pia kuna kukwepa risasi kwenye kisanduku kidogo, na wengine walisema vidole vyao havina kasi hiyo. Isitoshe, ni fupi: watu wengi huimaliza kwa saa saba hivi.

Ugomvi kuhusu gemu hii si wa Kikoneni peke yake. Mwishoni mwa 2015 tovuti ya GameFAQs iliendesha kura ya gemu bora kuwahi kutokea. Undertale, ikiwa na miezi mitatu tu tangu itoke, ikaishinda The Legend of Zelda: Ocarina of Time ya 1998. Wakongwe waliwaka. Mpaka leo wapo wanaosema ni hadithi bora waliyowahi kucheza, na wapo wanaosema imesifiwa kupita kiasi na mashabiki wenye kelele. Sisi tuko upande wa kwanza, lakini sisi pia tuliingia kwenye mtego wa ua, kwa hiyo usitusikilize sana.

Sasa pesa, kwa sababu hapo ndipo jamaa wa bodaboda alipobisha. Kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta, Undertale ni dola 9.99. Kwa dola ya takriban shilingi 130, hiyo ni kama 1,300. Akasema: elfu na mia tatu kwa saa saba, wakati gemu ya mpira kwenye simu yangu ni ya bure! Wakala akamuuliza taratibu, ile bando ya sarafu unayonunua kila wiki ni ngapi? Akajibu 150 hivi. Wakala akatoa kikokotoo, kile cha vibonye vikubwa. Shilingi 150 mara wiki 52 ni 7,800. Palikuwa kimya kidogo.

Hatusemi usinunue sarafu. Ni pesa yako, na raha ni raha. Ila ujue unanunua nini. Undertale unailipia mara moja, na ndani yake hakuna mahali unapoombwa shilingi halisi tena. Gemu ya bure inakuomba kidogo kidogo, na mara nyingi anayeombwa ni mtoto aliyeshika simu ya mzazi. Kama ndivyo kwenu, fungua Google Play, nenda kwenye mipangilio, na uweke kwamba kila ununuzi lazima uthibitishwe. Inachukua dakika moja.

Ukitaka kununua Undertale yenyewe, haihitaji mashine kubwa: RAM ya GB 2 na nafasi ya MB 200 zinatosha, kwa hiyo ile laptopu ya zamani ya binamu yako huenda ikaiweza. Steam hutoza kwa dola na hukubali kadi. Kama huna kadi ya benki, laini ya Safaricom inakupa kadi pepe ya M-Pesa GlobalPay, iliyozinduliwa na Visa mwaka 2022. Iombe kupitia menyu ya M-Pesa ya simu yako, si kupitia mtu. Weka pesa zinazozidi bei kidogo kwa ajili ya ubadilishaji wa fedha. Usipoipenda, Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na kama hujacheza zaidi ya saa mbili. Na kabla ya kutoa hata shilingi, kuna toleo la majaribio la bure. Pia Deltarune, gemu nyingine ya Toby Fox, imeachia sura zake mbili za kwanza bure.

Kuhusu kile kitu kibaya kuliko hewa: kijana wetu alipotuma ile 200 alipewa linki ya faili. Akaliweka kwenye simu. Lilipofunguka liliomba ruhusa ya kusoma ujumbe wake wa SMS. Gemu ya kompyuta, ya vidoti, inataka kusoma SMS zako ifanye nini? Ujumbe ndiko zinakoingia nambari za siri za mara moja ambazo benki na huduma za pesa hukutumia. Yeye alishtuka akabonyeza hapana, na tulimpongeza mbele ya wote. Tukalifuta faili pamoja naye, na mamake, aliyekuja baadaye akiwa na maneno yake, akabadilisha PIN palepale.

Elfu moja yenyewe haikurudi. Ukituma pesa kimakosa kwa M-Pesa, sambaza ule ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja, na pesa inaweza kuzuiwa ikiwa aliyepokea hajaitoa. Yeye alikaa siku nne akisubiri gemu. Namba ile ilikuwa imeshazimwa, na kwa matapeli hata saa nne ni nyingi. Tulimsaidia kuripoti, basi.

Mama alikaa kimya akitazama ile skrini kwa muda. Kisha akauliza huyo paka anataka nini. Mwanawe akamweleza kwamba ni Temmie, anatafuta karo ya chuo, 1,000G, na wao wamefikisha 640. Mama akavuta kreti nyingine akaketi.