Kuizunguka Unguja kwa Barabara

Watu wengi wa Kenya waliokwisha kufika Unguja, ukiwauliza wameona nini huko, hukujibu kwa maneno machache tu: pwani na Mji Mkongwe. Walishuka katika kiwanja cha ndege au katika bandari, wakapelekwa moja kwa moja mpaka hoteli iliyo ufukoni, na baada ya siku tatu wakarudishwa kwa njia ile ile. Kisiwa chenyewe hawakukiona. Hawakumwona mchumaji wa karafuu, wala mama afungaye mwani, wala kima asiyepatikana mahali pengine po pote duniani. Nao wenyeji wa vijijini hawakuwaona wageni hao, ila vumbi la gari lao lilipokuwa likipita.

Makala haya yataeleza jinsi msafiri awezavyo kukizunguka kisiwa hicho kwa barabara katika siku tatu. Tena yataeleza kwa nini ni jambo la maana, kwake na kwa wenyeji pia, kwamba gari lisimame njiani.

KISIWA NA BARABARA ZAKE

Unguja ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Zanzibar. Urefu wake ni yapata kilomita 85, na upana wake hauzidi kilomita 40. Mji uko upande wa magharibi, na barabara kubwa hutoka hapo na kutawanyika kama vidole vya mkono: moja huelekea kaskazini, nyingine mashariki, na nyingine kusini. Kwa hiyo mtu aweza kutoka mjini asubuhi, akaona mengi, na kurudi kabla ya jua kuchwa.

Magari hupita upande wa kushoto, kama hapa Kenya. Mgeni anayekusudia kuendesha gari mwenyewe na aulize kwanza habari za kibali cha udereva, maana askari wa barabarani husimamisha magari mara kwa mara na kutaka kuona karatasi. Yafaa pia ajaze mafuta mjini. Asiyekuwa na gari asivunjike moyo. Daladala huenda karibu kila upande wa kisiwa kwa nauli ndogo, na ingawa husimama mara nyingi, abiria wake husikia habari za kisiwa kuliko yule aliyefungiwa vioo katika gari la kukodi.

SIKU YA KWANZA: KASKAZINI, NCHI YA KARAFUU

Ukitoka mjini kwa njia ya kaskazini utapita magofu ya Maruhubi, jumba la Sultani Barghash lililoungua mwaka 1899, kisha utafika Bububu. Zamani ilikuwako reli ndogo kati ya mji na Bububu, iliyoanza kazi mwaka 1905, lakini haikuweza kushindana na motakaa, na katika miaka ya 1920 iliachwa.

Hapo Bububu uache njia ya pwani na kupanda kuelekea Kidichi na Kizimbani. Katika vilima hivi udongo ni mzuri, na hapa ndipo ilipoanza habari ya karafuu. Mikarafuu iliingizwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Seyyid Said akawaamuru wenye mashamba waipande kwa wingi. Hamamu yake ya Kidichi, iliyojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Mwajemi, ingaliko mpaka leo. Lakini msomaji asisahau kwamba utajiri ule ulitokana na jasho la watumwa, nao utumwa haukufutwa kisheria Zanzibar mpaka mwaka 1897.

Watu wengi hushangaa kusikia kuwa karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba wala si Unguja. Sababu yake ni kimbunga cha mwaka 1872, ambacho kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ile ya Pemba. Mkarafuu hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa, basi Unguja haikurudia tena hali yake ya kwanza. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 mashamba makubwa yaligawiwa watu eka tatu tatu, na mpaka leo mashamba mengi ya viungo utakayoyaona ni ya jamaa wenye vipande vidogo.

Karafuu ni ua ambalo halijafunuka bado. Mchumaji hupanda mtini, huchuma kichala kizima kwa mkono, na nyumbani watu huketi pamoja na kuchambua, karafuu upande mmoja na makonyo upande mwingine. Kisha karafuu huanikwa juu ya majamvi siku kadhaa mpaka zigeuke rangi na kukauka. Mvua ikinyesha ghafula, nyumba nzima hukimbilia majamvi. Mkulima wa kahawa wa Nyeri ataielewa kazi hii bila ya kuelezwa zaidi.

Karafuu kavu hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Lakini mdalasini, pilipili manga, hiliki, kungumanga, vanila na manjano mkulima huweza kumwuzia mgeni mwenyewe. Hapa pana jambo la kufikiri. Mgeni anunuaye kifurushi cha viungo katika duka la mjini amemlipa mwenye duka; anunuaye shambani amemlipa aliyepanda. Kifurushi ni kile kile, lakini fedha imefika mikono mingine.

Kutoka hapo urudi katika njia ya pwani, upite Mangapwani. Kuna chumba kilichochimbwa katika mwamba, ambamo watumwa walifichwa baada ya biashara yao kupigwa marufuku mwaka 1873. Mwisho wa barabara ni Nungwi, ambako mafundi wangali wanaunda majahazi ufukoni kwa tezo na keke, na kutia kalafati kwa pamba na mafuta. Fundi hana mchoro wa karatasi. Kipimo chake ki katika jicho.

SIKU YA PILI: MSITU NA MWANI

Siku ya pili ushike njia ya kusini mashariki. Baada ya kilomita 35 hivi utafika Jozani. Msitu huu pamoja na Ghuba ya Chwaka ulifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004, nayo ina eneo la kilomita za mraba 50 hivi. Mgeni hulipa ada mlangoni na kupewa mtu wa kumwongoza.

Mwenye sifa katika msitu huu ni kima punju, mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizosimama kuzunguka uso. Haonekani po pote duniani ila Zanzibar. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2019 ilionyesha kuwa wako zaidi ya 5,800, na wingi wao wamo katika misitu iliyohifadhiwa. Sisi wa Kenya tunaye ndugu yake karibu na Mto Tana, naye pia yumo hatarini. Kima punju hula majani ya mwembe na ya mkungu, ambayo yana vitu vya kudhuru tumbo, na baadaye hutafuta makaa mahali palipochomwa kuni na kuyala, kwa kuwa makaa hupunguza madhara hayo. Hakufundishwa na daktari.

Zamani wakulima waliopakana na msitu walimchukia, maana hula nazi changa. Kwa sababu hiyo sehemu ya fedha inayotolewa na wageni hupewa vijiji na wakulima wa karibu, ili wasibaki na hasara tu wakati wengine wanapata faida. Huu ni utaratibu wa busara. Mnyama wa porini hawezi kusalimika penye chuki ya jirani yake.

Lakini barabara yenyewe ilikuwa adui. Ilipotiwa lami, magari yalikwenda kwa kasi na kima wengi waligongwa wakivuka. Yakawekwa matuta, na vifo vikapungua, ingawa havikwisha. Basi dereva anayenung'unika gari lake linaporuka juu ya tuta la Jozani na akumbuke ni kwa ajili ya nani limewekwa. Ng'ambo ya barabara, huko Pete, umejengwa ujia wa mbao juu ya maji, na mgeni aweza kutembea kati ya mikoko bila ya kutia mguu matopeni.

Kutoka Jozani njia huenda Paje. Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, utaona wanawake wameinama mbali sana na nchi kavu. Hao ni wakulima wa mwani, kilimo kilichoanza pwani hii kwa biashara mwaka 1989. Hupigilia vijiti mchangani, hufunga kamba kati yake, na katika kamba hufunga vipande vya mwani kimoja kimoja. Baada ya wiki sita hivi huvuna, huanika, na kuuza. Mwani huo hupelekwa ng'ambo, na katika viwanda hutolewa kitu kinachofanya dawa ya meno, vyakula na dawa nyingine ziwe nzito.

Kazi hii iliwapa wanawake wengi fedha yao wenyewe kwa mara ya kwanza. Kwa fedha hiyo walisomesha watoto na kuezeka nyumba. Lakini sasa wana taabu. Ipo mwani ya namna mbili, na ile yenye bei nzuri hufa maji ya bahari yanapozidi joto, nayo yamekuwa yakizidi. Hustawi zaidi katika maji ya kina, ambako hufiki kwa miguu, bali kwa chombo, na yapasa kujua kuogelea. Ile nyingine huvumilia, lakini bei yake ni ndogo. Kwa hiyo baadhi ya wanawake wa Paje na vijiji vya jirani wamejifunza kuusaga mwani na kutengeneza sabuni na mafuta ya kujipaka. Mwani uliouzwa ghafi huondoka na faida yake. Uliotengenezwa sabuni huiacha faida kijijini. Wanawake wa Kibuyuni, katika Kwale, ambao nao hulima mwani, wanaijua hesabu hii.

Hali kadhalika ni makumbi ya nazi. Wanawake wa pwani ya mashariki huyafukia katika matope ya pwani kwa miezi, huyafukua, huyaponda, na usumba wake huusokota kamba. Kutoka Paje pita Jambiani na Makunduchi mpaka Kizimkazi, ambako uko msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107, kisha urudi mjini. Wako wageni waendao Kizimkazi kuwatazama pomboo. Ni vema kuwatazama kwa mbali. Chombo kinachowakimbiza huwafukuza, na pomboo wakihama, mwenye chombo ndiye wa kwanza kukosa kazi.

SIKU YA TATU: NJIA YA KATI

Siku ya mwisho pita Dunga, penye magofu ya jumba la Mwinyi Mkuu, lililojengwa kati ya miaka 1846 na 1856. Mwinyi Mkuu alikuwa mtawala wa wenyeji wa kisiwa, na wa mwisho wao alifariki mwaka 1873. Mbele ni Chwaka, kijiji cha wavuvi. Ukifika wakati vyombo vinarudi, utaona samaki wakinadiwa. Fuata pwani kwenda Uroa, Pongwe na Kiwengwa, ambako pana msitu mwingine uliohifadhiwa na mapango ya mawe ya matumbawe. Kutoka hapo njia ya kurudi mjini hukatiza katikati ya mashamba.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kwanza, uvae mavazi ya heshima upitapo vijijini, na usimpige mtu picha kabla ya kumwomba ruhusa. Mama aliye katika mwani yumo kazini, na saa zake hupimwa na maji.

Pili, usiwape kima chakula wala usiwakaribie sana, maana maradhi ya watu huweza kuwapata.

Tatu, katika mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani wakati wa mchana.

Nne, lipa ada ya hifadhi mlangoni na upewe stakabadhi. Fedha isiyoandikwa haitafika kijijini.

Tano, salimu kwanza, kisha uulize. Mgeni wa Kenya ana bahati kubwa kuliko wageni wengine: lugha anayo tayari. Mzungu atahitaji mkalimani ili aelezwe jinsi mkarafuu unavyochumwa. Wewe wahitaji "Hodi" na "Shikamoo" tu.

Wazee husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Maneno haya ni ya kweli, lakini yana sharti moja. Mwenyeji atapona kwa nini, ikiwa mgeni alipita kwa kasi na vioo vimefungwa, akala na kulala mahali pamoja, na kununua kila kitu kwa mtu mmoja? Fedha ya msafiri huanguka pale gari linaposimama. Basi, ewe msomaji, ukijaliwa kwenda Unguja, lisimamishe gari.