Mwanafunzi, chumba chako chaweza kukunyima usingizi

Je, una mwana aliye chuoni ambaye kila akija nyumbani macho yake ni mekundu na hasira zake zi karibu? Usikimbilie kudhani kwamba anakesha kwenye starehe. Huenda analala kitandani saa nzima, mbili, akihesabu karo isiyolipwa na mtihani wa kesho.

Mtu akiwa na wasiwasi, mwili wake hutoa homoni za adrenalini na kotisoli, zile zile zinazomwezesha kumkimbia nyoka. Moyo hupiga kasi na akili hukataa kutulia. Asubuhi huamka amechoka, somo halimwingii, na usiku unaofuata ana hofu zaidi. Vijana wa miaka 18 hadi 25 huhitaji usingizi wa saa 7 hadi 9.

Karo haiwezi kupatikana usiku huu. Chumba, hata hivyo, chaweza kurekebishwa, na hapa ndipo wengi hukosea.

Mfikirie mwanafunzi wa Rongo au wa Chuo Kikuu cha Tom Mboya, Homa Bay, aliyepanga chumba cha mabati, au aliye likizoni kwao Masara, Migori, ambako huchimbwa dhahabu na mashine za kusaga mawe zina kelele. Mabati hushika joto la mchana, ilhali mwili lazima upoe kidogo ndipo usingizi uje. Kijana hutupa chandarua kando akisema kinamzidishia joto. Asithubutu! Eneo hilo la ziwa lina malaria nyingi, na mbu wake huuma hasa usiku. Afadhali afungue dirisha lenye wavu mapema jioni, aoge kabla ya kulala, na akiweza atie dari hata ya maboksi, mbali na taa na moto.

Jiko la makaa ni jambo la kufa na kupona. Ukilipikia ndani kisha ukafunga mlango kwa sababu ya mvua, hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Unaweza kulala usiamke. Litoe nje hata kama makaa yanaonekana kuwa majivu.

Kwa mwenye chumba kimoja, kitanda ndicho meza na ndicho kiti. Hata hivyo, jaribu kusomea mkekani ili akili ijue kitanda ni cha kulala. Simu iweke mbali. Mwanga wake huchelewesha usingizi. Kahawa nayo? Ukiinywa saa kumi na mbili jioni, takriban nusu ya kafeini yake bado i mwilini saa tano usiku.

Vidonge vya usingizi usijinunulie dukani. Ukikosa usingizi usiku 3 au zaidi kwa wiki, kwa miezi 3, mwone daktari. Lakini ukiona umekata tamaa ya maisha, usingoje hata siku moja: mwambie mtu wa karibu, kisha nenda kwa mshauri wa chuo au hospitali iliyo jirani.