Vilango vya madirisha

Vilango vya madirisha ni mabamba ya mbao, metali au plastiki yanayofungwa kwa bawaba upande wa nje wa dirisha ili kuzuia jua, mvua, upepo na wezi. Kwa kawaida dirisha moja huwa na vilango viwili vinavyokutana katikati. Vingine ni ubao mzima. Vingine vina luva, yaani vibao vyembamba vilivyopangwa mshazari ili hewa ipite huku jua kali na mvua vikizuiwa.

Katika Afrika Mashariki vinaonekana hasa kwenye nyumba za zamani za pwani, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Nchini Marekani vilango vingi vya siku hizi ni pambo tu: vimekazwa ukutani na havifungiki.

Faida

Kilango cha nje huzuia miali ya jua kabla haijafika kwenye kioo. Pazia la ndani huizuia ikiwa imekwisha kupita, hivyo sehemu kubwa ya joto hubaki chumbani. Karibu na ikweta, madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo yanayohitaji vilango zaidi, kwa sababu jua la asubuhi na la alasiri huwa chini na kupenya chini ya upenu wa paa. Nyumba isiyo na fedha za kutosha inaweza kuanza na madirisha hayo.

Vipimo

Upana na urefu wa dirisha hupimwa mahali patatu, kwa kuwa kuta nyingi hazikunyooka sawasawa. Ikiwa vilango vitakaa ndani ya fremu, hufuatwa kipimo kidogo kabisa. Kila kilango huwa nusu ya upana, ukipunguza nafasi ndogo ya mbao kutanuka wakati wa masika. Pia hukaguliwa kama ukuta una nafasi ya kilango kulala kikiwa wazi. Luva huinamishwa kuelekea nje ili maji yatiririke nje.

Vifaa

* Mvule hustahimili mchwa na unyevu, na msaji pia hudumu muda mrefu.
* Mninga hautanuki wala kusinyaa sana.
* Msonobari ni mwepesi, lakini huhitaji dawa ya wadudu na rangi.
* Alumini haioti kutu kama chuma, wala haihitaji rangi mara kwa mara.
* Plastiki ni nyepesi, lakini aina hafifu hupauka na kupasuka juani.

Mbao zisizokauka vizuri hupinda baada ya kufungwa, hata zikiwa za mti bora. Karibu na bahari, bawaba na komeo za shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu hudumu kuliko za chuma cha kawaida, kwa sababu ya hewa ya chumvi. Kulabu ya ukutani huzuia kilango kisipigwe na upepo.

Afya na usalama

Luva haizuii mbu. Mbu waenezao malaria huuma hasa usiku, hivyo wavu huwekwa upande wa ndani, na watu huendelea kulala ndani ya chandarua. Vilango pia haviondoi hatari ya nondo zisizofunguka: moto ukitokea, waliomo ndani hawawezi kutoka. Angalau dirisha moja la chumba cha kulala linapaswa kufunguka kwa ndani bila kutafuta ufunguo.

Nyumba za kihistoria

Katika maeneo yaliyohifadhiwa kama Mji Mkongwe, mwenye nyumba hutakiwa kupata kibali kabla ya kubadilisha madirisha. Mara nyingi kilango cha zamani hakihitaji kutupwa: fundi seremala anaweza kukata sehemu ya chini iliyooza na kuunga kipande kipya cha mti uleule. Njia hiyo huokoa mbao ngumu na kuhifadhi sura ya mtaa.

Matunzo

Vilango hukaguliwa kabla ya masika. Bawaba hupakwa mafuta, nyufa huzibwa, na ukingo wa chini hupakwa rangi upya, kwa kuwa ndiko maji hutuama na uozo huanzia.