Usisimame Kabla Kamba Haijafungwa

Sisi wa Mwamapalala hatukulelewa na maji mengi. Maji yetu ni ya kisima, ya lambo la ng'ombe, na ya mito inayofurika wakati wa mvua na kubaki mchanga kiangazi. Watoto wetu hujua kuchunga mapema sana, lakini kuogelea wengi wetu tunazeeka bila kujua.

Hata hivyo, ziwa haliko mbali na maisha yetu. Mkoa wetu wa Simiyu unagusa Ziwa Victoria kule wilayani Busega. Tunakula dagaa wake, binti zetu wameolewa kando yake na visiwani, vijana wetu wamekwenda kuvua. Msiba ukitokea Ukerewe, mama wa huku hupita Bariadi, Lamadi na Bunda mpaka Kisorya, na hapo hana budi kuvuka maji kwenda Rugezi. Nauli ameiandaa, rambirambi ameifunga kwenye pindo la khanga. Je, ameandaa akili yake kwa safari ya majini?

Mimi sikuwa nimeiandaa. Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda kumfariji mwenzetu wa kanisani aliyefiwa na mama yake ng'ambo ya ghuba. Tulipanda mtumbwi wa injini, akina mama kama kumi na watano na watoto wachache. Njiani tuliomba, tukaimba kwa hofu, tukashikana mikono. Tulipouona mwalo, na watu wanatusubiri ufukweni, hofu yote ikatutoka. Mimi muuguzi, ambaye kila siku nawaambia wengine habari ya tahadhari, ndiye niliyesimama kwanza. Wenzangu wakanifuata. Nahodha akapaza sauti, "Kaeni, mayu, kaeni!" lakini mtumbwi ulikwisha kulalia upande. Maji yakaingia, na binti wa miaka sita akachomoka kutoka mikononi mwa bibi yake.

Mvuvi mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu alijitosa akamtoa. Mtoto alikohoa, akatapika maji, akalia. Kilio kile kilikuwa kitamu kuliko nyimbo zetu zote za njiani. Tangu siku ile nimejiuliza: kwa nini katikati ya maji tulikuwa salama, tukataka kufa mlangoni?

Hatari iko karibu na nchi kavu

Ninyi mnaolima pamba mtanielewa upesi. Mkokoteni uliopakiwa magunia chini chini hupita makorongo bila shida. Lakini ukirundika mzigo juu sana, tuta dogo tu huupindua. Mtumbwi ni hivyo hivyo. Mnapokaa chini, uzito uko chini na chombo kimetulia. Mkisimama, uzito umepanda juu. Mkielekea wote upande mmoja kushuka, mmeupindua kwa miguu yenu wenyewe.

Tena wakati wa kufika, mawimbi ya ufukweni hukisukuma chombo huku na huku. Kamba ya mbele ikiwa imefungwa peke yake, sehemu ya nyuma bado inacheza. Ndiyo maana mabaharia hawahesabu safari kuwa imekwisha mpaka chombo kimefungwa mbele na nyuma kikatulia.

Jambo hili si la mitumbwi tu. Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugorora, Ukerewe, kikielekea Bwisya katika kisiwa cha Ukara. Ilikuwa siku ya gulio. Kivuko kiliruhusiwa kubeba abiria 101, lakini watu waliokuwamo walizidi mara mbili ya idadi hiyo, pamoja na mizigo yao. Kilipinduka karibu kabisa na gati, mahali ambapo waliokuwa wakingojea wageni wao waliweza kuona kwa macho. Taarifa za siku zile zilisema watu walisogea upande mmoja wakijiandaa kushuka. Zaidi ya watu 220 walikufa. 41 tu wakaokolewa. Kabla ya hapo, tarehe 21 Mei 1996, taifa lilikuwa limekwisha kuomboleza mamia waliozama na MV Bukoba, meli iliyokuwa ikienda Mwanza ikiwa imejaza abiria kupita uwezo wake.

Wakubwa wana wajibu wao katika mambo haya, na waulizwe. Lakini mama mwenye mtoto mkononi hawezi kungojea majibu. Yapo mambo anayoweza kuyafanya mwenyewe.

Kabla ya kupanda

Tazama chombo kimekaaje majini. Kama maji yanakaribia ukingo, ngoja kingine. Usione aibu kushuka ukiona kimejaa. Kuchelewa mazishini kunasameheka.

Omba jaketi la kuokoa maisha, livae na ulifunge kamba zake. Jaketi lililowekwa chini ya kiti halimwokoi mtu. La mtoto liwe la kimo chake, maana la mtu mzima humchomoka.

Usimbebe mtoto mgongoni. Fungua mbeleko umpakate mbele. Mkianguka majini, fundo lililolowa halifunguki upesi, na wewe ukijilaza chali ili uelee, mtoto atakuwa chini ya maji.

Uliza hali ya hewa. Ziwani ngurumo na dhoruba nyingi huja usiku na kuelekea alfajiri. Nahodha akisema leo hatuvuki, mshukuru, usimbembeleze.

Mnapofika

Kaa. Acha wengine wakuite mwoga. Subiri kamba zifungwe na nahodha aseme shukeni. Mshuke mmoja mmoja, kutoka katikati, mkono mmoja ukishika chombo. Mpe mtu aliye nchi kavu mtoto kwanza, kisha ushuke, mizigo ifuate mwisho. Na kama mmelazimika kukanyaga maji ya ufukweni, kumbukeni kichocho: jikausheni mara moja, na mkiona dalili kama damu kwenye choo au mkojo, nendeni zahanati. Dawa yake ipo.

Mtu akizama

Usijitose kama hujui kuogelea. Mrushie kamba, dumu tupu lililofungwa, au mnyoshee kasia. Ukumbuke kwamba mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, huzama kimya.

Akitolewa, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Siku ile mama mmoja alikwisha kumshika binti yetu miguu, nikamzuia. Kama anapumua, mlazeni ubavu, mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni. Kama hapumui, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie mdomoni pumzi 5. Asipoanza kupumua, kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka mara 30, kisha pumzi 2, ukirudia hivyo mpaka msaada ufike. Hata akizinduka, apelekwe hospitali, kwa kuwa mapafu yaweza kuleta shida baada ya saa kadhaa.

Tufundishane

Akina mama wenzangu, katika vikundi vyetu tunachanga nauli, tunagawana sufuria na unga wa msiba. Tuongeze jambo moja: kabla ya kila safari ya ziwani, tumteue mwenzetu mmoja ambaye kazi yake ni kusema "Kaeni", nasi tumtii hata kama ni mdogo kwetu. Sisi sasa tunafanya hivyo. Zamu yangu ilipofika, wengine walinicheka. Lakini tulikaa wote mpaka kamba ya pili ikafungwa.

Yule binti sasa ni msichana mkubwa. Bibi yake kila akiniona huniuliza kama ninakumbuka. Nakumbuka, mayu. Tuliomba Mungu atufikishe, naye alitufikisha. Kukaa chini kungojea kamba, hilo alituachia sisi.